Konokono Aliyeishi Kwenye Chumvi

Jumapili iliyopita binti yangu alikuwa anapanga vyombo kabatini, kichupa kikamponyoka kikapasuka kwenye sakafu ya jiko. Harufu ya spiriti ikapanda, ile harufu ya kusubiri sindano hospitalini, na mimi niliyekuwa nachambua mchele nikajikuta nimesimama na ungo mkononi, nina miaka kumi, niko Kikwe kwa Bibi, na nimenuna. Wengine harufu za zamani huwaletea machozi. Mimi iliniletea hasira, tena hasira nzima, haijapungua hata kidogo, na nikafurahi kuiona kama mtu aliyekutana na rafiki wa darasa moja pale sokoni Kwa Mrombo.

Niliseme mapema ili tusisumbuane. Siku ile niliyoambiwa niombe radhi, sikuomba. Na mpaka leo sijaomba.

Nililelewa na Bibi, mama yake mama, kwa sababu mama alikuwa anafundisha ushonaji Moshi na kuja kwetu ilikuwa mpaka mwisho wa mwezi. Bibi alikuwa Mchaga wa Machame aliyeolewa huku kwa Wameru, mwanamke wa maneno machache na mikono mingi. Alikuwa na bustani kando ya mfereji, chainizi, figiri na karoti, na adui wa bustani ile alikuwa mmoja tu, konokono. Walikuwepo wenye magamba na wale wasio na gamba, weusi, wanene, wanaoacha ute kwenye majani kama mtu kapenga kamasi. Kazi ya kuwaokota ilikuwa yangu.

Wenzangu mliosoma enzi za kwenda shule na kidumu cha maji mkono huu na fagio la chelewa mkono huu, mnajua asubuhi zetu zilivyokuwa. Kabla ya kidumu, mimi nilikuwa na kopo. Nilipita kwenye matuta umande ukiuma miguu, nikawabandua mmoja mmoja chini ya majani, nikawatia koponi, kisha nikamwaga juu yao konzi ya chumvi ya mawe. Sikupenda, lakini nilikuwa naangalia kila siku. Walitoa povu, wakajikunja, wakachemka bila moto, na baada ya muda hapakuwa na konokono tena ila ute wa kijani na magamba matupu. Kwetu hilo halikuhitaji kufundishwa na mtu. Maji yanalowesha, moto unaunguza, chumvi inayeyusha konokono.

Nilipokuwa darasa la pili, Mjomba Anaeli, mdogo wake mama, aliondoka. Alikuwa amejifunza upishi kwenye hoteli moja mjini Arusha, akasikia kuna kazi pwani, akaenda. Hakuandika, hakupiga simu kwa jirani, kimya. Mwaka ukapita, ukaingia wa pili, na watu wakaamua wenyewe kwamba amefungwa. Hakuna aliyetuambia usoni, lakini kanisani watu walikuwa wanamshika Bibi mkono muda mrefu kuliko kawaida, na Bibi alikuwa anauvuta mkono wake.

Akarudi nikiwa darasa la nne. Amekonda, amenyolewa kipara, ameungua jua mpaka masikio. Ungetaka kumchora mtu aliyetoka jela ungemchora yeye. Alikuwa na mfuko wenye mashati mawili na kisu chake cha jikoni, na mfukoni, ndani ya soksi, kichupa cha ukubwa wa kidole gumba kilichojaa spiriti. Ndani yake kulikuwa na kitu cheupe, kidogo kama harage, chenye vijibawa viwili. Kimoja kilikuwa kimechanika.

Alitueleza palepale sebuleni, hata chai hajanywa. Alikuwa mpishi kwenye meli ya watafiti. Meli ile haikuvua samaki wa kuliwa, ilikokota wavu mwembamba kama chujio la chai, halafu watu wazima na elimu zao wanakaa wanatazama ndoo za maji. Siku moja alipita na sufuria karibu na ndoo, akaona kitu kinapepea ndani. Wenye miwani walikuwa hawajakiona. Yeye alikiona kwa sababu ya macho ya kuchambua mchele, alisema. Mama mmoja mtafiti, mkuu wao, alipochungulia alikaa chini kabisa kwenye sakafu ya meli. Huyu ni konokono, akawaambia. Hana gamba, na hatembei. Anaruka majini kwa mabawa yake, tangu anazaliwa mpaka anakufa hagusi chini. Akiwa hai ni mweupe wa kupenya, unaona chakula kikipita tumboni. Na ukoo wao ni mdogo mno, wachache hata huko baharini kwenyewe, yule mama alikuwa amewatafuta miaka na kuwajua kwenye michoro tu. Walipata watatu safari nzima. Huyu aliyechanika bawa, mama yule alimpa mpishi, kwa sababu ndiye aliyeona wa kwanza.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza njia.

"Bahari si chumvi, Anaeli?"

"Ni chumvi, Mama."

"Na konokono ukimtia chumvi?"

Bibi hakusema mwongo. Alimwambia maji ya kuoga yako tayari, akachukua jembe lake akaenda bustanini, na kwa mwendo wake nikajua kwamba amemsamehe kwa jela na hatamsamehe kwa hadithi.

Basi ikawa hivyo. Mjomba akaanza kukata majani ya ng'ombe na kufyeka migomba, na watu wakampa jina la Nahodha. Kila akipita mtu anamuuliza kama bahari imechafuka. Alikuwa anacheka nao, lakini akifika nyumbani anakaa nyuma ya banda peke yake. Kwa Bibi hakulitaja tena jambo la meli. Kile kichupa alinipa mimi, akasema nikitunze, maana mimi tu ndiye niliyekuwa nimeuliza bawa lake linauma au haliumi.

Mimi nilimwamini bila masharti. Ila nilielewa vibaya, na leo nikikumbuka nacheka mwenyewe. Niliona huyu konokono alikuwa na gamba lake kama wenziwe, akalisahau wakati wavu unakuja, na sasa yuko mle uchi anaona baridi. Sikukaa bure. Nilizunguka chini ya migomba nikiokota magamba matupu, nikatafuta madogo, madogo zaidi, mpaka nikapata moja kama punje ya dengu. Niliyapanga yote dirishani mbele ya kichupa ili achague. Kila asubuhi nilikagua kama amesogea. Mjomba alipoyaona alicheka mpaka akakaa kitandani, na ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akicheka tangu arudi. Hakunisahihisha. Alilisogeza lile la dengu mbele ya mengine, akasema afadhali hili, halibani.

Mwalimu wetu wa sayansi aliitwa Mwalimu Elisante. Suruali yenye pasi, chaki nyuma ya sikio, mtoto wa Kimeru wa kijiji cha jirani. Hakuwa mtu mbaya, na nasema hivyo bila kumpunguzia chochote. Alikuwa mtu wa kupenda kushinda. Siku aliyofundisha konokono akasema wote huishi mahali penye unyevu, huenda kwa kuteleza, nikanyoosha kidole nikasema wengine wanaruka baharini. Darasa likacheka, akaniambia nilete ushahidi. Kesho yake nikaleta kichupa ndani ya soksi, nikakiweka mezani kwake nikiwa na kifua mbele kama jogoo.

Alikigeuza geuza kwenye mwanga. Akasema ni funza. Halafu akamtuma mtoto nje alete konokono, mwingine akalete chumvi nyumba za walimu, na akatufanyia mezani kile nilichokuwa nafanya mimi kila asubuhi. Povu likatoka. Wa nyuma walisimama juu ya madawati waone.

"Bahari ina nini?" akauliza.

"Chumvi!" likajibu darasa zima.

"Na konokono kwenye chumvi?"

"Anayeyuka!"

Lililoniuma ni kwamba nilikuwa naijua ile chumvi kuliko wote mle ndani. Mwalimu akanisogezea sahani ya chumvi. Akasema nifungue kichupa tumtie chumvi huyo wangu, maana anayesema kweli haogopi jaribio. Nikakikamata kwa mikono miwili nikakificha kwapani. Nikasema sifungui.

Kwa miaka mingi nimesimulia sehemu hii kama ushujaa. Leo naisema ilivyokuwa. Nilikataa kwa sababu niliogopa. Niliona ule ute wa kijani machoni, nikaona Mjomba akigeuka povu mbele ya watoto sitini. Nilimwamini, lakini sikumwamini mpaka kwenye chumvi.

Mwalimu akaona woga wangu, na mtu wa kupenda kushinda haachii hapo. Akaniambia nigeukie darasa niseme, mjomba wangu alinidanganya, kisha nimwombe radhi kwa kubishana. Akaongeza kwamba hadithi kama hizo wanazipika huko alikokuwa amefungiwa. Likaja lile guno la darasa, mnalijua, la watoto waliosikia nyumbani kile ambacho hawakutakiwa kusikia.

"Hakunidanganya," nikasema.

Akanipa mkoba wangu. Akasema nisirudi mpaka nije na mzazi, nisimame pale pale, niseme maneno yale yale.

Siku tatu sikwenda shule. Bibi alikuwa na hasira na mimi, na kwake hasira ilikuwa kazi, kwa hiyo nilipalilia bustani nzima na nikarudia. Kusoma kwangu ndicho kitu alichokuwa anakiringia. Mama alikuwa amekatishwa masomo darasa la sita, na Bibi alikuwa ameapa kwamba mimi sitaacha darasa kwa sababu yoyote ile, seuze kwa sababu ya kidudu.

Siku ya tatu Mjomba alinifuata mferejini. Alikuwa na panga na mzigo wa majani, akautua, akachuchumaa.

"Elipendo, kamwombe radhi mwalimu. Sema nilikudanganya. Shule ni yako, na mimi jina langu limeshaharibika, halitaharibika zaidi."

"Ulinidanganya?"

"Hapana."

"Basi sisemi."

"Mtoto, hakuna mtu atakayejua."

"Wewe utajua," nikasema. Nikaanza kulia, si kwa huzuni, kwa hasira tu, ile inayotoka na kamasi. Mjomba akanifuta kwa upindo wa shati lake lenye harufu ya majani, na hakunibembeleza tena.

Asubuhi ya siku ya nne Bibi akaenda mpakani mwa shamba akakata isale. Kwa msiokulia mlimani, isale ni mmea wenye majani marefu, na kwa Wachaga na majirani zao si mmea wa mchezo. Una kazi mbili. Ukimkosea mtu, unampelekea isale mkononi, na huyo hata angekuwa na kisirani cha namna gani hawezi kukataa kukusamehe. Kazi ya pili, unaupanda mpakani, na ukishapandwa hakuna anayethubutu kuung'oa, si baba wala kaka wala mwenye nguvu. Wengine hupeleka jani moja. Bibi alitaka kuheshimisha, akakata kichwa kizima na shina lake, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha kwa hiyo kilikuwa kinang'aa. Akanivalisha sare iliyopigwa pasi, akanikabidhi. Njia nzima alirudia maneno mawili tu. Mpe. Tunyamaze.

Darasa letu lilikuwa na sakafu ya saruji, lakini mbele ya mlango, pale tulipokuwa tunasuuza miguu kwa maji ya vidumu, palikuwa na udongo mweusi mlaini. Mwalimu Elisante alitoka nje kutupokea, maana Bibi alikuwa mtu wa kutokewa. Akamwamkia shikamoo, Bibi akaitikia marahaba. Watoto wote wakajaa dirishani. Mwalimu alipoliona isale, uso wake ukalegea. Nadhani hata yeye alikuwa amechoka na habari ile. Akanyoosha mkono.

Na mimi nilikuwa nimeamua kumpa, niaminini. Nilikuwa nimemwonea Bibi huruma njia nzima. Lakini kule dirishani mmoja akaita, Nahodha, taratibu tu, na wenziwe wakacheka kwa pua. Nikainama. Nikalichomeka isale kwenye ule udongo, pembeni ya mlango, nikashindilia kwa kisigino mpaka likasimama.

"Konokono yupo," nikasema. "Na mjomba wangu alimwona."

Hakuna aliyecheka. Watoto wote wale walikuwa na isale mipakani kwao. Mwalimu alibaki na mkono hewani, kisha akaushusha kuelekea lile shina, ukafika usawa wa goti, ukasimama. Babake alikuwa na shamba, na shamba lile lilikuwa na mpaka. Akamtazama Bibi, akingoja Bibi anitie adabu.

Bibi akalitazama lile isale. Akasema, "Mwalimu, mimi nililikata. Kuling'oa sitaling'oa. Labda wewe."

Mwalimu Elisante akajifuta mikono yake isiyo na kitu.

"Ingia darasani," akaniambia.

Hakusema nilikuwa na haki na mimi sikusema nilikuwa na kosa, tukafika hivyo mpaka darasa la saba. Alinifundisha vizuri. Kila asubuhi alilipita isale lile kwa upande, na lilishika mizizi.

Lakini si hilo ninalolikumbuka zaidi. Nilirudi jioni nikitegemea fimbo. Nikamkuta Bibi anamenya ndizi, kichupa changu kiko mbele yake juu ya kigoda, na Mjomba Anaeli amekaa ukutani kama mtoto aliyeitwa. Bibi hakugeuka kunitazama. Alikuwa anasema na mwanawe, kisu kikiendelea.

"Hiyo meli," akauliza, "jiko lake lilikuwa upande gani?"

Mjomba akaanza kumweleza. Jiko lilikuwa chini, na sufuria zilifungwa kwa kamba zisiteleze mawimbi yakija. Bibi akauliza wali ulikuwa haumwagiki, akauliza maji ya kunywa yalitoka wapi, akauliza yule mama mtafiti alikuwa na watoto wangapi. Ndizi ziliisha kumenywa na yeye bado anauliza. Mjomba alikuwa anajibu huku machozi yanateremka.

Mjomba tulimzika mwaka juzi, na mpaka mwisho wako waliomwita Nahodha, lakini ilikuwa kwa heshima, na wajukuu wa waliomcheka walikuwa wanakuja kusikia habari za wavu wa chujio la chai. Mimi nimekuwa mtu mzima, nimesoma, nimetafuta. Konokono wa jamaa hiyo wapo. Chumvi ya bahari ni maji yao ya kuzaliwa, miili yao imezoea, haiwafanyi kitu. Na nilipofika kwenye habari ya gamba ilibidi niweke simu chini kidogo. Watoto wao huzaliwa nalo. Wakishakua kidogo, wanalivua wenyewe wanaliacha lizame, wanakwenda zao. Miaka yote nilimtafutia konokono kitu alichokwishakikataa.

Basi Jumapili hiyo, binti yangu amesimama na fagio, anataka kuzoa vioo pamoja na kila kitu. Nikamwambia aache. Nikapiga magoti, nikamtafuta kwa macho ya kuchambua mchele, nikamwona chini ya kabati, mzima, bawa lake moja limechanika vile vile. Nikampakia kwenye kijiko cha chai. Spiriti sikuwa nayo na maduka ya dawa ya mtaani kwetu yalikuwa yamefungwa, watu wako kanisani. Nikatafuta kitu cha kumhifadhi hata kwa siku moja. Kilichokuwepo ni glasi, maji, na mkebe wa chumvi.

Najua vizuri kwamba hapo hapakuwa na cha kuthibitisha. Kimekufa siku nyingi, kimekaa kwenye dawa miaka, chumvi isingekifanya chochote hata kingekuwa funza kweli. Mtu mwenye akili zake hahitaji kuambiwa. Lakini nilipoteka konzi ya chumvi, kwa mkono huu huu wa lile kopo la bustanini, binti yangu akaniuliza mbona umebana pumzi, mama. Nikaimwaga yote. Nikakoroga. Nikamteremsha polepole kutoka kwenye kijiko, akazama kidogo, akapanda, yale mabawa yakafunguka majini.

Tukakaa mezani tukimwangalia, dakika tano, kumi, wali ukaungua.

Hakuyeyuka.